Sensa ya haidrojeni kwenye chumba cha kuchajia betri: inavyofanya kazi kwa ndani na jinsi ya kuifunga mwenyewe

Wakuu habari za saa hizi. Niko Kigoma, kazi yangu ni sola na betri, na wateja wangu wengi ni watu wa ziwani, wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na kambi za jirani ambao siku hizi karabai wameziweka pembeni wanatumia taa za LED na betri za volti 12. Betri zinakuja asubuhi zimekufa, zinachajiwa mchana, jioni zinarudi mtumbwini. Wiki za giza ndo kazi yenyewe, chumba kinajaa betri mpaka mlangoni, mbalamwezi ikitoka kunatulia.

Sasa kuna chumba kimoja cha kuchajia, sio changu ila nilikuwa naitwa pale mara kwa mara, kijana alichomoa klipu ya chaja huku chaja bado inawaka, ikatoka cheche ndogo tu kama ya kiberiti kilicholowa, betri ikapasuka juu kwa mlio kama wa baruti na maji ya betri yakamrukia usoni. Bahati kulikuwa na pipa la maji nje, tukamwosha macho muda mrefu sana bila kuacha ndo tukampeleka hospitali, anaona vizuri mpaka leo namshukuru Mungu. Jioni yake mzee mmoja mwenye mitumbwi akaniuliza, "Mwanangu, mbona hatukusikia harufu yoyote mle ndani?" Sikuwa na jibu zuri siku ile. Leo ninalo, na ndo nataka niliandike lote hapa, kuanzia gesi yenyewe, sensa inavyoihisi, mpaka kuifunga ukutani na kuipima kwa ndoo.

Kwanza gesi yenyewe

Betri ya maji ikishajaa, umeme unaoendelea kuingia hauna tena pa kwenda, unaanza kuyapasua maji yaliyomo ndani kuwa haidrojeni na oksijeni. Hiyo inaanza kwa nguvu kwenye volti 2.35 mpaka 2.4 kwa kila seli, yaani kwa betri ya volti 12 yenye seli sita ni kama 14.1 mpaka 14.4. Yale mapovu unayoyaona ukifungua vifuniko ndo hayo. Haidrojeni haina rangi, haina harufu, haina ladha, na mwali wake mchana ni kama hauonekani kabisa. Harufu ya yai bovu ambayo watu wanaisikia betri ikichajiwa kupita kiasi ni gesi nyingine yenye salfa, ambayo nayo ni sumu, kwa hiyo ukiisikia ujue umeshachelewa, na usipoisikia isikupe moyo hata kidogo.

Inawaka ikiwa hewani kuanzia asilimia 4 mpaka kama 75. Huo ni upana mkubwa mno, na cheche inayotosha kuiwasha ni ya nishati kama milijuli 0.02, wakati methani inataka zaidi ya mara kumi ya hapo. Cheche ya klipu, ya swichi, hata ya nguo ya nailoni inatosha. Alafu ni nyepesi kama mara 14 kuliko hewa, kwa hiyo inapanda juu, inajikusanya chini ya bati au chini ya siling bodi, na kama kenchi zimetengeneza vyumba vyumba pale juu basi inakaa humo.

Hesabu iko hivi na nakuomba uifanye kwa chumba chako kabla hujanunua chochote. Kila ampea moja inayopita kwa saa moja kwenye betri iliyojaa inatoa kama lita 0.45 za haidrojeni kwa kila seli, kwenye joto la kawaida la huku. Chukua betri kumi za volti 12, hizo ni seli 60, kila betri imeshajaa lakini bado inakula ampea 2 kwa sababu chaja ni ya kienyeji haijui kupunguza. 60 mara 2 mara 0.45 ni lita 54 kwa saa. Chumba cha mita 3 kwa 2 na urefu wa 2.5 ni lita 15,000, asilimia 1 yake ni lita 150, kwa hiyo kikifungwa kabisa unafika asilimia 1 chini ya saa tatu. Ila gesi haisubiri ichanganyike chumba kizima, ikitulia kwenye nusu mita ya juu tu, hapo ni lita 3,000, na asilimia 4 yake ni lita 120, yaani saa mbili na kitu. Mtu anafunga chumba saa tano anaenda kula, anarudi saa nane anawasha swichi ya taa.

Ndani ya sensa kuna nini

Hapa ndo nitakaa sana, maana nimegundua fundi ambaye haelewi hii sehemu anafunga sensa alafu anaiamini kama msahafu, au anaitupa wakati ilikuwa nzima.

Kitu cha kwanza uweke kichwani, sensa haioni haidrojeni. Inachopima ni hali ya ngozi yake yenyewe. Gesi inagusa ngozi, ngozi inabadilika, sisi tunasoma hayo mabadiliko kama umeme. Kwa hiyo kila kitu kinachogusa ile ngozi, mvuke, pafyumu, konyagi, vumbi, kinaweza kuibadilisha pia.

Ile ya bei nafuu ambayo wengi tunaipata, MQ-8, ngozi yake ni oksidi ya bati. Bati hapa namaanisha ile metali inayotumika kwenye risasi ya kusoldia, sio mabati ya kuezekea ambayo ni chuma kilichopakwa zinki. Oksidi ya bati ni semikondakta, umeme unapita kwa shida kidogo. Unga wake unapakwa juu ya kijibomba kidogo cha seramiki, na katikati ya kijibomba kunapita waya wa hita. Hita ikipata volti 5 inapasha ngozi mpaka nyuzi joto mia mbili na zaidi, na hapo ndo mambo yanaanza: oksijeni ya hewani inakuja kujishika kwenye ngozi, na ili ijishike inanyang'anya elektroni. Elektroni zikipungua umeme unapita kwa tabu, ukinzani unakuwa mkubwa. Hiyo ndo hali ya hewa safi.

Haidrojeni ikifika inaikuta ile oksijeni imejishika pale, inaungana nayo wanakuwa mvuke wa maji, wanaondoka, na zile elektroni zilizonyang'anywa zinarudi kwenye oksidi. Ukinzani unashuka. Gesi nyingi, oksijeni nyingi inaondolewa, ukinzani unashuka zaidi. Basi, hiyo ndo siri nzima, na ndo maana sensa hii bila oksijeni haifanyi kazi, na bila hita haifanyi kazi. Mjapani Naoyoshi Taguchi ndo aliyeisajili hataza ya sensa ya namna hii mwaka 1962, lengo likiwa gesi za majumbani, na mpaka leo wazo ni lile lile.

Ili ngozi ipende haidrojeni kuliko gesi nyingine watengenezaji wa sensa hizi wanachanganya vichocheo, hasa paladi au platini kidogo sana. Paladi ina tabia ya ajabu na haidrojeni: Thomas Graham kule Uingereza mwaka 1866 alieleza jinsi inavyoinywa hii gesi kama sifongo inavyokunywa maji, mamia ya mara ya ujazo wake yenyewe. Molekuli ya haidrojeni ikigusa paladi inapasuka kuwa atomu mbili, atomu zinapenya ndani ya metali. Kwa hiyo kuna sensa nyingine ambazo hazina oksidi kabisa, ni utando wa paladi tu, ukinywa haidrojeni ukinzani wake unapanda. Tatizo paladi ikinywa inavimba, ikitoa inasinyaa, ukirudia rudia inapasuka na kubanduka, ndo maana wanaichanganya na nikeli, fedha au dhahabu ili itulie. Mwaka 1975 Lundström na wenzake kule Sweden wakaweka paladi kama lango la transista, gesi ikiingia lango linahama volti yake, na hiyo ikafungua njia ya sensa ndogo ndogo za kwenye chipu. Zipo pia za mwanga, nyuzi za kioo zilizopakwa paladi, uzuri wake pale kwenye gesi hakuna umeme kabisa.

Aina nyingine nazipitia haraka kwa sababu utazikuta kwenye vifaa vya viwandani. Kuna ya kichocheo cha kuunguza, kijishanga cha alumina chenye koili ya platini ndani na kimepakwa paladi au platini nje, gesi inaungua juu yake bila mwali, kijishanga kinapata joto, platini inapanda ukinzani, na kuna kijishanga pacha kisichounguza chochote cha kulinganishia. Nayo inataka oksijeni, na yenyewe inaunguza kila gesi inayowaka, haichagui. Kuna ya kemikali, elektrodi za platini ndani ya asidi ya salfa, haidrojeni ikifika inatoa mkondo mdogo sana unaopimwa, ni sahihi na inakula umeme kiduchu ila ina umri, miaka michache tu imechoka, na kiangazi kikavu kama cha Tabora kinaikausha. Ndugu yake huyo ndo yuko ndani ya vile ving'ora vya kaboni monoksidi vya nyumbani, kwa hiyo ukiona king'ora cha kaboni monoksidi kinalia karibu na betri zinazochajiwa usikipige teke, inawezekana kabisa kinahisi haidrojeni. Na ya mwisho ni ya kupitisha joto, maana haidrojeni inapitisha joto kama mara saba kuliko hewa, waya uliopashwa moto unapoa haraka gesi ikiwepo. Hiyo haihitaji oksijeni na inapima mpaka asilimia 100, ila kwenye viwango vidogo ni dhaifu.

Kwa chumba cha betri cha mtu wa kawaida mi nashauri MQ-8, kwa sababu inapatikana, inasoma kuanzia ppm 100 mpaka 10,000, yaani sehemu ngapi kwenye milioni, na 10,000 ni asilimia 1 tu, robo ya kiwango cha kuwaka. Inaanza kulalamika mapema, na hicho ndo tunachotaka. Ila nikuambie wazi, hiki ni kifaa cha kutoa onyo, hakina cheti cha usalama, kama ni kiwanda au kituo kikubwa nunua kifaa chenye cheti.

Kabla ya sensa, toboa ukuta

Ndio, tundu. Sensa haitoi gesi nje. Toboa tundu juu kabisa chini ya paa na jingine chini upande wa pili, hewa safi iingie chini gesi itoke juu. Kama ni paa la mgongo wa tembo tundu la juu liwe karibu na kilele. Mi siku hizi mtu akiniambia nimfungie sensa na chumba hakina tundu nakataa mpaka atoboe, na wanakasirika, ila nakataa.

Vitu vya kuwa navyo

Moduli ya MQ-8 yenyewe, nyingi zinatoka Kariakoo zinakuja na basi, na angalia maandishi ya kwenye kichwa cha sensa sio ya kwenye ubao, maana mimi niliwahi kupokea ubao umeandikwa MQ-8 kichwa ni MQ-2 ambayo ni ya gesi ya kupikia na moshi. Kishusha volti cha LM2596 kama mfumo wako ni wa 12 au 24, kama ni wa 48 hicho hakifai maana mwisho wake ni volti 40, tafuta kinachobeba. Arduino Uno au ESP32, yaani ubao mdogo wa kompyuta unaosoma sensa na kuendesha programu, risista ya kiloomu 10, buza, rilei ambayo ni swichi inayobonyezwa kwa umeme, feni ya volti 12 ya kompyuta ambayo haina brashi, boksi la plastiki, waya wa kutosha, multimita. Na nta ya nyuki. Usicheke, nitakuambia ya nini.

Kuifunga, hatua kwa hatua

Anza na umeme wa hita, maana joto la ngozi ndo kila kitu. Hita ina ukinzani kama omu 31, kwa volti 5 inakula miliampea 160 hivi, karibu wati 0.8. Ukivuta waya mwembamba mita kumi volti inapotea njiani, sensa inapata 4.5, ngozi inapoa, majibu yanakuwa ya uongo bila wewe kujua. Kwa hiyo rekebisha kishusha volti mpaka multimita isome 5.0 pale pale kwenye pini za moduli huku sensa ikiwa imewashwa, sio kwenye kishusha.

Hatua inayofuata ni kuangalia risista ya mzigo. Kabla ya kuwasha, pima ukinzani kati ya pini ya AO, inayotoa volti ya majibu ya sensa, na GND, pini ya upande hasi. Moduli nyingi zinakuja na kiloomu 1 wakati karatasi ya mtengenezaji inataka kama 10, na kwa kiloomu 1 volti ya AO inakuwa ndogo sana hata gesi ikiwepo. Toa ile, solda ya kiloomu 10.

Alafu iache iwake. Sensa mpya inataka saa 24 na zaidi kabla hujaamini namba yoyote, maana ngozi imekaa boksini imebeba unyevu na uchafu, lazima iungue vyote itulie. Utaona volti ya AO inaanza juu inashuka polepole siku nzima. Na hapa kuna kosa ambalo watu wa kwetu wanafanya, mbalamwezi ikitoka kazi hamna wanazima kila kitu mpaka sensa, giza likirudi wanawasha asubuhi chumba kikiwa kimeshajaa betri, sensa inapiga kelele masaa mawili, wanachoka wanaing'oa. Usiizime. Inakula kama wati-saa 19 kwa siku, paneli ndogo kabisa inaimudu.

Waya sasa. VCC, pini ya umeme wa kuingia, kwenye volti 5, GND kwenye GND, AO kwenye A0 ya Arduino Uno. Ukitumia ESP32 kumbuka pini zake mwisho volti 3.3, kwa hiyo pitisha AO kwenye risista ya kiloomu 100, alafu kutoka hapo kiloomu 180 kwenda GND, katikati ndo unachukua ishara, na kwenye programu usisahau kuirudisha ile volti iliyogawanywa. Kuna pini ya DO pia, hiyo inashuka kuwa sifuri gesi ikivuka kiwango ulichoweka kwa kile kiskurubu cha bluu, inafaa kwa mtu asiyetaka programu kabisa.

Kupata ukinzani wa ngozi ni hesabu moja tu: kumi, mara tano ukitoa volti ya AO, gawanya kwa volti ya AO, jibu ni kiloomu. Mfano AO inasoma volti 1, basi ni 10 mara 4 gawanya kwa 1, kiloomu 40. Ikisoma 2.3 ni kama kiloomu 12. Hiyo namba ndo ya kuandika daftarini, sio volti.

Kichwa cha sensa kiweke juu, sehemu ya juu kabisa ya chumba, sentimita chache chini ya bati au dari, sio kwenye kona iliyobanwa na sio juu kwa juu ya vifuniko vya betri, maana ule ukungu wa asidi utakula miguu yake na gesi ya salfa itachosha vichocheo. Kiangalie chini, matone yasiingie.

Arduino, rilei na buza vinakaa nje ya chumba. Nje. Rilei inatoa cheche kila inapobonyea, na ukiiweka ndani umejitengenezea kiberiti cha kujiwasha chenyewe pale pale gesi inapozidi. Kichwa cha MQ-8 kina hita ya moto lakini kimefunikwa na nyavu mbili nzito za chuma cha pua ili mwali usitoke, usizitoboe wala kuzitoa eti ihisi haraka. Feni nayo iwe ya kusukuma hewa safi kuingia kwa tundu la chini, isivute gesi kupita kwenye mota.

Mtihani wa ndoo

Hii sehemu naipenda kuliko zote maana hapa ndo unajua sensa yako inasema nini badala ya kukopi namba za mtu mwingine.

Chukua ndoo ya lita 10 yenye mfuniko unaobana. Toboa mfuniko, pitisha nyaya za sensa, kichwa kining'inie ndani. Ziba tundu kwa nta ya nyuki, ilainishe kwa vidole ibandike. Usitumie silikoni! Mvuke wa silikoni ukifika kwenye ngozi ya moto unageuka kuwa kitu kama kioo, unaifunika, na sensa inakufa taratibu bila dalili, itaendelea kusema hewa safi hata gesi ikijaa. Mimi niliua mbili hivyo nikadhani ni feki, kumbe ni ile gundi nyeupe ya bafuni niliyozibia boksi. Hata mafuta ya nywele yenye silikoni na dawa za kung'arishia dashibodi ni hivyo hivyo. Nta ya nyuki Kigoma na Tabora tumejaliwa, haina hayo mambo.

Haidrojeni ya mtihani unatengeneza kidogo sana. Vaa miwani, kaa nje, mbali na moto wowote. Kwenye bakuli weka maji na vijiko viwili vya magadi ya kuokea, yaani baikabonati. Chumvi ya mezani usiweke, itatoa klorini ambayo ni sumu. Upande chanya tumia fimbo ya kaboni ya betri ya tochi iliyokufa, upande hasi waya wa shaba uliomenywa ncha na kuingizwa kwenye mdomo wa bomba la sindano la mililita 10 la duka la dawa, lisilo na sindano yenyewe, limejazwa maji yale yale na kugeuzwa juu chini ndani ya bakuli, upande mpana ukiwa umetolewa ile pampu na kuzibwa vizuri kwa nta. Unganisha volti 12 kupitia balbu ndogo ya pikipiki ili mkondo usizidi. Mapovu ya upande hasi ndo haidrojeni, yanapanda yanasukuma maji chini, unayaona kwa macho mstari baada ya mstari. Kwa mkondo wa ampea 0.2 mililita 10 zinachukua dakika 6 au 7. Kata umeme kwanza, ndo uguse kitu kingine.

Mililita 10 ndani ya lita 10 ni sehemu moja kwa elfu, ppm 1,000. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, lihamishe, inua kidogo mfuniko wa ndoo, lifungulie ndani likiangalia juu, funika haraka, tikisa ndoo taratibu. Subiri dakika moja mbili, soma ukinzani. Kwangu mara ya kwanza kabisa namba ilianguka kutoka kiloomu mia nne na zaidi mpaka kama arobaini, nikaiangalia tu ile skrini kimya, maana ndoo ilikuwa haina harufu, haina rangi, ukifungua unaona ndoo tupu. Pale ndo nilimkumbuka yule mzee na swali lake.

Rudia kwa mililita 40, mabomba manne, hiyo ni ppm 4,000, asilimia 0.4, yaani moja ya kumi ya kiwango cha kuwaka, bado uko salama. Sasa una namba mbili zako mwenyewe. Namba ya 1,000 iwe ya kuwasha feni na taa ya njano. Namba ya 4,000 iwe ya buza na rilei ya kukata chaja. Usijaribu kufika juu zaidi kwenye ndoo, hamna unachokitafuta huko.

Kuna jambo moja kwenye programu, usifanye buza ilie kwa usomaji mmoja, chukua wastani wa sekunde kumi hivi, na ukishakata chaja usiiruhusu irudi yenyewe, mtu aje abonyeze kwa mkono baada ya kupitisha hewa. Na programu isome pia upande wa kuharibika: AO ikiwa sifuri kabisa, waya umekatika au hita imekufa, ilie vile vile.

Inapodanganya

Masika Kigoma unyevu ni mwingi, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili, na maji nayo yanagusa ile ngozi, ukinzani wa hewa safi unashuka hata bila gesi. Kwa hiyo daftari lako liwe na namba ya masika na ya kiangazi. Tabora kiangazi vumbi linaziba wavu, puliza kwa mdomo tu, usiweke kompresa. Ukipaka rangi ya mafuta chumbani au mtu akimwaga spiriti utaona ukinzani unashuka kama vile kuna gesi, fungua milango subiri itulie. Moshi wa jiko la mkaa karibu na tundu la chini nao unaisumbua, na hilo jiko lenyewe halitakiwi kuwepo pale hata siku moja.

Ikinyamaza kuliko kawaida ndo uogope zaidi. Kila mwezi, siku mbalamwezi ikitoka na chumba kikiwa kitupu, ishushe, fanya ndoo moja ya mililita 10. Kama zamani ilianguka mpaka 40 na sasa inaishia 100, ngozi imechoka au imepakwa kitu, badilisha kichwa, iwashe siku nzima, upime upya. Andika tarehe na namba kwa chaki ukutani karibu na chaja ili kila anayeingia azione, na chini yake andika kwa herufi kubwa ZIMA CHAJA KABLA YA KUGUSA KLIPU. Kule Kibirizi tumeandika hivyo, na pipa la maji bado liko mlangoni, limejaa.